Husuni ya Karani Ethuro

Wewe uliyeushika ukurasa huu, nakuomba kwa uchungu wa mama aliyekuzaa: neno hata moja lisitoke. Ukishindwa kabisa kunyamaza, mnong'oneze mtu wa mbali, wa Kapedo hivi. Dereva Ebenyo asisikie kamwe.

Jumatatu, 8 Julai 1996. Kakuma.

Nimerudi na lori la asubuhi kutoka Lodwar. Vumbi hadi ndani ya masikio. Moyo haukurudi. Umebaki Lodwar kwa Nakaale, muuguzi wa zahanati. Ameniambia mjomba wake anataka jibu kufikia Jumapili: Ebenyo ameleta posa, na ngamia wameshatajwa. Kisha akaniangalia.

"Ijumaa nakuja Kakuma na gari la chanjo," akasema. "Mchana nitapita kwako. Kama una neno, liwe tayari mdomoni."

Nikamjibu asante. Asante! Miaka yote ile ya shule ya bweni Kitale, na neno lililopatikana ni hilo.

Lazima anikute mahali pa heshima. Chumba changu ni cha mabati, mlango unafungwa kwa waya, na majuzi bunduki zimelia upande wa mto mkavu. Ataniaminije kwamba naweza kumlinda mtu? Nimewaza siku nzima ghalani kazini, nyuma ya magunia ya mahindi. Ngome ni ya mawe, mawe sina. Buruji ni mnara. Mimi nina kizunguzungu. Husuni, ngome ya vitabuni, ndilo neno tamu kuliko yote, lakini huwezi kumtuma mtu sokoni akuletee husuni. Basi, boma. Boma la miiba.

Jumanne, 9 Julai.

Nimeomba ruhusa. Nimesema ni tumbo. Nimekata miiba hadi suruali ya kazini ikapata madirisha. Jirani yangu Mama Nyamal, mkimbizi kutoka Sudan anayeuza chai, ametoa kiti nje ili atazame vizuri. Bibi Abei, ajuza Mturkana wa boma la pili, akapita na kuni kichwani. Akanisalimu ejok, akauliza kwa upole mke wangu alikufa lini. Nikamweleza kwamba sijaoa. Akatua kuni.

"Sasa unajenga kwa nini, mwanangu? Ua ni kazi ya mwanamke. Ukimmalizia kila kitu, yeye ataingia kufanya nini?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa. Akasema anaona, kupitia suruali.

Jumatano, 10 Julai.

Boma bila handaki ni nusu boma. Nimechimba. Upepo ukanirudishia mchanga nyuma kwa bidii kubwa kuliko yangu. Mbuzi wa Mama Nyamal akatumbukia. Tulipokuwa tukimvuta, Mama Nyamal akasema kwao watu huchimba wakisikia ndege za vita. Akauliza mimi nimesikia nini. Nikainama, nikajifanya naangalia mguu wa mbuzi. Nimesikia mwanamke anakuja. Mtu atasemaje hilo kwa mama aliyekimbia mabomu?

Mara lori likasimama. Ebenyo, miwani ya jua, mkono nje ya dirisha.

"Karani, hiyo ni choo ama ni kaburi?"

Akajisifu kwamba Lodwar ni ngome yake. Shangazi wote wa Nakaale wako upande wake, mjomba ndiye amekaa mlangoni, atang'olewa na nani? Jibu kali lilinijia baadaye, nikaliambia koleo.

Kumbe wengine ngome zao ni watu. Mimi Lodwar sina hata shangazi mmoja. Nina kumbukumbu tu: Nakaale anavyoishika chupa ya chanjo kwa viganja viwili, kama kifaranga.

Ijumaa, 12 Julai.

Siwezi kuandika sawasawa. Nitajaribu.

Nilivaa tai. Nilikuwa na neno, nimelirudia tangu alfajiri. Nikaburuta tawi kubwa la mgunga, nikaziba lango. Mpango ulikuwa mzuri: afike, aite, nilivute tawi kwa mikono yangu, anione nimesimama kama bwana wa husuni.

Nikasikia gari. Nikasikia hatua. Zikaja hadi langoni, zikasimama. Nikafungua mdomo. Lakini je, kama si yeye? Majambazi nao wana miguu. Nikangoja anitaje jina. Hakutaja. Upepo ukaleta harufu ya sabuni ya zahanati, na hakuna jambazi anayenukia hivyo. Nilijua. Bado sikuita. Ulimi ulikuwa umejenga boma lake wenyewe.

Hatua zikaondoka.

Mama Nyamal akasema kupitia miiba kwamba msichana alikuja, akalitazama tawi muda mrefu, akaenda zake. Bibi Abei akashangaa nashangaa nini. "Hapa lango halizibwi mchana," akasema, "ila kwa msiba, ama kwa mtu aliyekataa wageni. Amesoma alichoandikiwa."

Kila mtoto wa Turkana anajua hilo. Mimi nilizaliwa Lokori, nikapelekwa Kitale ningali mdogo. Majina yote ya ngome nimeyakariri. Lango silijui.

Nilikimbia na tai yangu hadi barabarani. Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua. Nikasimama ndani yake. Ndilo la karibu zaidi nililopata kwake.

Jumapili, 14 Julai.

Ebenyo amekuja bila miwani. Sauti chini. Nakaale amemjibu mjomba: hapana. Ameomba uhamisho, na kesho anaenda Lokitaung, kule wakoloni walikofungia watu. Amempa Ebenyo ujumbe wa kuniletea, naye, masikini, ameufikisha wote.

"Amesema wewe dereva hutulii mahali, na karani hatoki mahali. Amechoka na sisi wawili."

Tukakaa kwenye ukingo wa handaki. Akaniuliza kama Lokitaung kuna baridi. Nikasema sijui. Akaondoka.

Nimetafakari kwa makini, kama msomi. Kosa nimeliona: ua ulikuwa mfupi. Ungekuwa mrefu, wenye kitundu cha kuchungulia, ningemwona ni yeye, na hofu ingeondoka. Kesho naongeza miiba hadi kimo cha paa. Ua wa pili ndani ya ua. Na buruji, kizunguzungu kikubali kisikubali, upande wa kaskazini, niitazame njia ya Lokitaung.

Wewe uliyesoma, kama utapita huko na umwone muuguzi mwenye viganja vya taratibu, mwelekeze. Ashuke kwenye maghala ya chakula, aulize chai ya Mama Nyamal. Ataona miiba mirefu kuliko yote Kakuma. Mbele asije, nimeziba kwa usalama. Azunguke nyuma, avuke handaki, ainame kwenye ua wa kwanza, na kwenye wa pili aite Ethuro, polepole. Nisipoitika, nipo. Aendelee kuita.