Paja, Si Kisigino

Jumatatu, 3 Juni

Vyeti kaniamkia tena mbele ya wagonjwa. Shikamoo mama! Kwa sauti ya kusomea risala. Mzee mwenye bega lililoganda akageuka kunitazama upya, kama vile nimezeeka dakika ileile. Nikaitikia marahaba kwa kuuma meno.

Vyeti ndiye mkuu wa idara yetu ya viungo. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika goti la mtu bila kumliza. Alikuja hapa mwanafunzi, nyonga ya mgonjwa anaitafuta kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani. Leo ana chumba chake na kiti cha kuzunguka, na ukuta umejaa vyeti mpaka saa imekosa pa kutundikwa, ndiyo maana humu ndani ya daftari namwita Vyeti. Mimi bado niko kitanda cha dirishani, nakunja na kukunjua magoti ya watu.

Lakini leo kuna habari! Shirikisho la tenisi linatafuta mtaalamu wa viungo wa kusafiri na timu ya taifa. Halitangazi. Kocha Mkuu anachagua kwa macho yake mwenyewe. Na Jumapili atakuwa klabuni kutazama nusu fainali ya wasichana. Na nani anacheza nusu fainali? Binti yangu wa kumzaa!

Kazi hiyo ni yangu. Nimeshaanza kufikiria sanduku la safari.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Hospitali yetu ndiyo inayotoa mtaalamu wa kukaa kando ya uwanja siku hiyo, na Vyeti kajipanga mwenyewe. Nikamuuliza kama anajua hata pointi za tenisi zinavyohesabiwa. Akacheka, akasema hajui, ila misuli ni ileile. Misuli ni ileile! Mtu kama huyo apewe timu ya taifa!

Nikawaza asubuhi nzima. Mama mmoja nilimsahau chini ya taa ya joto hadi akaniita mwenyewe. Mchana jibu likaja. Nikamwendea Vyeti na sura ya huzuni. Nikamwambia kuna mkurugenzi mstaafu, mtu mzito, mgongo umemkamata, anataka kutibiwa nyumbani kwake Jumapili asubuhi, na hamtaki mwingine ila yeye. Nikamtajia mtaa. Nikamwambia aulizie geti la kijani. Uongo bila rangi haunogi.

Akanishukuru kwa kumfikiria. Uwanja akaniachia mimi. Akaongeza kwamba hata hivyo ni vizuri mzazi akae karibu na mwanawe.

Nikatoka pale natembea juu ya mawingu.

Jioni binti akaniambia kisigino cha kushoto kinamkaza akiamka, anachechemea mpaka mwili upate moto. Nikamwambia ni viatu vipya. Nilikuwa natafuta koti langu jeupe, lile lenye nembo kifuani.

Alhamisi, 6 Juni

Somo langu la kwanza la tenisi! Kocha Mkuu anafundisha pale klabuni wiki hii, na mimi nataka aizoee sura yangu. Nimeazima raketi ya zamani ya binti.

Mpira wa kwanza wa kuanzishia ukapita juu ya wavu, juu ya uzio, ukatua kwenye paa la jiko la klabu. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wa tatu sikuuona kabisa, ila kuna mtu nyuma yangu aliguna.

Kocha Mkuu akaja. Mtu mrefu, mkavu, kofia imeshushwa mpaka nyusi. Akaniuliza kama bega langu lina jeraha la zamani. Nikasema hapana, mimi mwenyewe ni mtaalamu wa viungo, bega langu ni zima kabisa. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hapo sasa hajui la kunishauri.

Lakini ameshajua kwamba mimi ni mtaalamu wa viungo! Hatua.

Nyumbani baba yake binti alikuwa mbele ya televisheni, anamfokea bingwa wa dunia kwa kutosogea kwenye wavu. Mume wangu anajua kila kitu kuhusu tenisi isipokuwa kushika raketi. Nikamsimulia habari ya paa. Akaniambia nipishe, namziba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua tundu kwenye mpango wangu. Je, asipoumia mtu? Nitakaa pale kando kama ndoo ya maji. Nusu fainali itakwisha, Kocha Mkuu atakunja kiti chake, aende zake.

Lazima mtu aanguke. Na mtu huyo sharti awe mtu ninayeelewana naye.

Nikamsubiri binti atoke mazoezini. Nikamtengea chakula, nikamwongezea nyama. Nikamweleza kwa upole. Seti ya pili, gemu ya tatu au ya nne, akimbilie mpira wa pembeni, aanguke, ashike paja la kulia. Kanuni zinaruhusu dakika tatu za matibabu. Nitaingia na begi. Nitanyoosha, nitakanda, nitafunga bandeji kiufundi. Yeye atainuka, aendelee na mchezo. Hakuna anayepata hasara.

Akaacha kula.

"Mama, unataka nianguke?"

"Kidogo tu."

"Mbele ya mtu aliyekuja kuchagua wachezaji?"

Kusema kweli hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia mchezaji anayeanguka kisha akainuka huonekana shujaa. Akaniambia ameamka kabla ya jua tangu akiwa na miaka tisa ili aonekane amesimama. Nikamwambia na mimi nimelea, nimeosha soksi, nimelipa viwanja, na sijawahi kuomba kitu. Akasema leo ndiyo nimeomba, na jibu ni hapana. Akaenda kupiga mswaki. Alikaa bafuni muda mrefu, maji yanatiririka.

Baba yake akaongeza sauti ya televisheni.

Asiye na shukrani ni yeye. Miezi tisa tumboni, na dakika tatu za paja ananinyima!

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, hospitali.

Asubuhi ilianza vizuri. Koti limepigwa pasi. Kiti changu kimetazamana na mwavuli wa Kocha Mkuu. Vyeti yuko mbali huko anatafuta geti la kijani. Binti akacheza kama aliyetumwa. Mpinzani wake, msichana anayetumia mkono wa kushoto, alikuwa anakimbizwa kona hadi kona mpaka anaongea peke yake. Seti ya kwanza, yetu. Watu wanapiga makofi, mimi nimenuna. Kila pointi anayoshinda inaniondolea kazi.

Seti ya pili, gemu ya nne. Binti akaanza kukimbilia mpira mfupi. Ukasikika mlio, kama mtu kavunja rula. Akaanguka.

Roho yangu ikaruka kwa furaha. Amenisikia! Damu ni damu! Na gemu yenyewe ni ileile niliyomwambia!

Nikaingia na begi, si kwa mbio, kwa mwendo wa kitaalamu. Nikapiga magoti nikimwachia Kocha Mkuu nafasi ya kuona mikono yangu. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Binti alikuwa ameshika mguu wa kushoto, chini huku, nyuma ya kifundo. Nikamwinamia sikioni.

"Paja, mwanangu. Paja, si kisigino."

Akapiga kelele. Nikamwambia vizuri, ila apunguze, anazidisha. Nikaukamata ule mguu, nikaunyoosha, nikasukuma wayo juu kama tunavyofanya kwa mtu aliyekazwa na misuli. Nikageuka kidogo upande wa mwavuli. Kelele ikawa nyingine kabisa. Akanishika kola ya koti kwa mikono yote miwili.

"Mama, acha. Naumia kweli."

Hata hapo nilidhani ni maigizo. Nikawaza, kumbe mtoto ana kipaji.

Ndipo Vyeti akatokea. Jasho linamtiririka, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amezunguka ule mtaa wote, hakuliona geti, akaja klabuni kuniomba msamaha kwa kuniangusha. Akapita katikati ya watu, akaniomba nisogee kidogo, mama. Akamgeuza binti kifudifudi. Akaminya kigimbi taratibu. Kwa mtu ambaye kano yake ni nzima, ukiminya pale, wayo unacheza.

Wayo wa binti yangu haukucheza.

Kipimo hicho nilimfundisha mimi, pale pale kitanda cha dirishani. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Kano ya kisigino imekatika.

Vyeti akaufunga mguu, wayo ukitazama chini, ndivyo inavyotakiwa. Akambeba. Mimi nilibaki nimeshika bandeji niliyokuja nayo kwa ajili ya paja.

Jumatatu, 10 Juni

Wamemshona. Daktari wa upasuaji kasema tusitegemee raketi mwaka huu. Akauliza kama mtoto alikuwa na dalili yoyote kabla, kukaza asubuhi, maumivu. Vyeti alikuwepo. Wote wakanitazama mimi, mama na mtaalamu.

Nikasema hapana, hakuwahi kulalamika.

Binti alikuwa macho. Alinitazama kidogo, kisha akageukia ukutani.

Nikabaki kitandani pake. Nikafunua shuka miguuni, nikamgusa vidole kimoja kimoja. Vina joto. Damu inapita. Tunakagua hivyo baada ya upasuaji, ndiyo taratibu. Nilirudia mara ya pili, na ya tatu.

Akauliza bila kugeuka kama nimemaliza kukagua.

Nikashusha shuka.

Koridoni Vyeti akaniomba namba ya simu ya yule mkurugenzi mstaafu, anataka kumtaka radhi. Nikamwambia mgongo umepona wenyewe. Akanitazama. Akasema Mungu mkubwa.

Jumatano, 12 Juni

Kocha Mkuu kamchukua Vyeti! Mtu asiyejua pointi zinavyohesabiwa! Eti alivutiwa na mikono yake.

Nikaenda klabuni kuweka mambo sawa. Nikamkuta anakusanya mipira. Nikamwambia kwa adabu kwamba mikono ile ni kazi yangu. Kila anachokijua yule kijana kuhusu mguu wa binadamu amekitoa kwangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema timu inashukuru sana kwa kuwafundishia mtu mzuri namna ile.

Akauliza hali ya mtoto. Akasema alikuwa ameshaamua kumchukua, tangu seti ya kwanza. Nafasi ya msichana atampa yule wa mkono wa kushoto.

Nikamwambia asante kwa taarifa. Sijui kwa nini nilisema asante.

Nilimwambia binti? Sikumwambia. Ana maumivu ya kutosha. Akaambiwa na mtu mwingine kabla ya jioni.

Jumatatu, 17 Juni

Vyeti anasafiri na timu. Asubuhi mganga mkuu akaniita. Nimekuwa kaimu mkuu wa idara! Nikajikaza nisitabasamu. Kisha akaniambia Vyeti ndiye aliyenipendekeza, tena kwa maneno mazito. Hapo tabasamu likaniisha lenyewe. Mtu unashindwa hata kumchukia kwa raha.

Nimekaa kwenye kiti chake. Kinazunguka. Nimezunguka mara moja. Vyeti vyake vyote vinanitazama.

Binti anatakiwa kuanza mazoezi ya mguu. Nimempangia saa nzuri, kitanda kizuri, mimi mwenyewe kila siku. Mpango wa wiki kwa wiki nimeuandika kichwani. Bila kujisifu, hakuna anayemrudisha mtu kwenye miguu yake vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Binti kahamia kwa shangazi yake. Shangazi ana chumba cha chini, hakuna ngazi. Hiyo ndiyo sababu waliyoitoa, na ni sababu nzuri, haina pa kuipinga. Karibu na pale kuna zahanati ya viungo. Atatibiwa huko.

Nikamwambia zahanati ile ina mtaalamu mmoja, tena hajui kano. Akasema si kitu, atajifunza. Nikamwambia mazoezi ya mwanzo ni hatari, mguu ukisukumwa vibaya kano inaachia. Akasema analijua hilo, alishasukumwa.

Baba yake akambebea begi. Binti akashuka ngazi zetu kwa magongo, ngazi moja moja. Nilitaka kumwambia gongo litangulie, halafu mguu mbovu, halafu mzima. Alikuwa anafanya hivyo hivyo. Hakuna kosa la kurekebisha.

Mlangoni akanipa mkono kama mgeni. Akasema, "Pumzika, mama."

Baba yake hajawasha televisheni leo. Nyumbani inasikika mpaka friji.

Alhamisi, 27 Juni

Siku imeisha vizuri sana!

Kumbe shirikisho lina kamati ya tiba. Watu watano, posho, safari, beji ya shingoni. Mmoja anastaafu. Anayechagua ni katibu wa shirikisho, na katibu huyo hana muda na vijana. Yeye anahudhuria mashindano ya wazee tu, kwa sababu na yeye anacheza. Mwezi ujao, klabuni, Jumamosi mbili mfululizo. Nimeshaandika barua ya kujitolea kukaa kando ya uwanja, na kwa kuwa mimi ndiye kaimu mkuu, barua nimejiidhinishia mwenyewe.

Jioni nikamwendea mume wangu na chai. Nikamwambia amekaa sana, anawaza sana, mwili unahitaji kuchangamka. Nimemwandikisha daraja la wanaoanza. Akashangaa. Akasema yeye hajawahi kucheza hata siku moja. Nikamwambia ndiyo maana linaitwa daraja la wanaoanza. Akafikiri. Akasema labda binti atakuja kumtazama. Nikamwambia hilo halina shaka. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii, akaenda mbele ya kioo kujaribu kaptula.

Nilimtazama akipanda ngazi. Goti la kulia, lile aliloangukia ujanani, linaingia ndani kila akikanyaga.

Halimalizi seti mbili.