Kigari cha Jamal Kilivyoupanda Mlima wa Kuingia Nyeri

Sogezeni viti, enyi watu wa Nanyuki na Naro Moru. Mwenye redio na aizime, mwenye chai na aiweke chini, maana leo nawapa habari za Jamal mwana wa Dawud, mchuuzi wa mbuzi, simba wa spana, aliyekifufua kigari kilichokufa.

Kilikuwa kigari cha zamani cha mbio, cha viti viwili, hakina paa, chepesi kama kitanda cha kamba. Jamal alikikuta kwenye ranchi kikioza, akakileta kwake, akawatimua kuku wa mkewe, akakilaza bandani mwao. Humo alipigana na kutu masika na vuli, hata wakaguzi wakakiruhusu kuingia barabarani. Lakini Salwa, malkia wa kuku wasio na makao, alikwisha kuchoka. Akasimama mlangoni, begi mkononi, akatoa hukumu:

"Baba Fowsia, sikia vizuri. Mimi naenda Nyeri kwa mama. Ijumaa hiyo gari yako ikuje ituchukue, mimi na yeye. Ikikuja, banda ni yako. Isipokuja, kuku zangu zinarudi, na wewe ukipenda ulale nazo!"

Jamal akaapa papo hapo, maana banda lile ndilo furaha yake yote duniani.

Ole wake, akamwita Theuri, fundi wa malori ya mifugo, akitazame kigari kabla ya safari. Theuri hajapata kuliachia gari lolote bila kuliongezea chuma. Mbele akafunga bampa la lori, nyuma keria ya kubebea mbuzi.

"Boss, gari bila bampa iko uchi," akanguruma. "Hii barabara iko na punda, iko na ng'ombe, iko na watu wa Probox. Ati hata ndovu igonge hapa, ndovu ndio italia!"

Wakatoka wote wawili kwa kishindo. Walipoukabili mlima wa kuingia Nyeri, kigari kikakohoa, kikatetemeka, kikasimama. Mkokoteni wa viazi ukawapita. Jamal machozi yakamlengalenga, na asimcheke mtu, mimi ningelia kwa sauti.

Kisha akainuka kitini, akanena: "Theuri, ndugu yangu wa vita! Hii gari iliundwa ikimbie, wewe umeifanya punda. Fungua hiyo vyuma yote!"

"Na nani atachunga? Tukiiacha hapa, saa hii imekuwa geti ya mtu."

"Wewe."

Theuri akabaki ameketi juu ya bampa. Kigari, kikiwa chepesi tena, kikapanda mlima kikiimba, hadi langoni kwa mama mkwe.

Salwa akakizunguka, akakigusa, akacheka kama msichana. "Haki imefika! Banda ni yako."

Jamal alikuwa bado anafuta machozi ya furaha mama mkwe alipotoka na kikapu chake, akaketi kiti cha abiria, akafunga mlango. Hapo ndipo shujaa alipokumbuka idadi ya viti. Lakini ni mkwe gani atamwambia mama mkwe ashuke? Akampa Salwa ufunguo kwa mikono miwili.

Theuri aliona kigari kikishuka na wanawake wawili, mitandio ikipepea, honi ikilia. Baadaye akaja Jamal, viatu vimejaa vumbi, akaketi naye juu ya bampa.

"Ilipanda?"

"Ilipanda."

"Na banda?"

"Ni yangu."

Theuri akamkatia nusu ya hindi la kuchoma. Na ikumbukwe na vizazi vyote: wengi wameupanda mlima ule kwa gari, lakini ni Jamal peke yake aliyeupanda kwa ushindi, akaushuka kwa miguu akitabasamu.