Jiwe la Mtemi Nyuma ya Stesheni

Jumanne, 9 Julai 2024

Mimi nina bahati ya ajabu. Tafuta mtaa wetu wa Kambarage mzima, humpati mwanamume mwenye nyota kama yangu. Vumilia kanipigia simu! Yeye mwenyewe! Miaka mitatu yuko Geita anawapikia wachimbaji wali, leo kamkumbuka mumewe. Anakuja Jumamosi na kwaya yao. Wataimba Jumapili, ila kwanza wanataka kuonyeshwa sehemu za kihistoria za mji wetu. Nani wa kuwatembeza? Mimi. Nimefika Dar mara mbili, najua historia inavyotakiwa kukaa.

Mpango ni huu: aone nimekuwa mtu. Akishaona, arudi nyumbani. Yeye na binti yetu Eufrasia.

Jumatano, 10 Julai

Nimekagua vivutio. Stesheni ya reli ipo. Uwanja wa mpira upo, umefungwa. Baada ya hapo nikakaa kivulini kufikiri.

Mwigulu wa bodaboda, niliyechimba naye dhahabu Mwakitolyo, anatamba kwamba yeye atawapeleka Mwadui wakaone almasi. Nikamwambia wataona geti. Akanijibu geti la almasi lina sura nzuri kuliko mimi. Mshenzi! Lazima nipate kitu ambacho yeye hana.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata!

Mlangoni mwa jiko kuna jiwe. Ndilo pekee nililotoka nalo Mwakitolyo, shimo letu lilipojaa maji na ndoto zikaishia humo. Vumilia alilifanya kiti. Hapo alichambua mchele, hapo alimsuka Eufrasia. Alipoondoka alibeba sufuria, godoro na jogoo. Jiwe likamshinda uzito. Tangu siku ile sijawahi kulikalia. Nakula nimesimama, kama mlinzi.

Leo nimelisukuma kwa toroli hadi kwenye uwazi nyuma ya stesheni. Chokaa juu, kamba pembeni, kibao mbele: JIWE LA MTEMI. VUA VIATU. Limependeza! Ila nyumbani pale mlangoni pamebaki shimo dogo la udongo mbichi. Nimepita upande wa dirishani.

Ijumaa, 12 Julai

Watu wanavua viatu kweli! Mzee mmoja akauliza mtemi gani, ng'wana nani, maana Msukuma lazima ajue mtu ni mtoto wa nani. Nikamwambia Ng'wana Maduhu. Maduhu ni baba yangu, lilikuja hilo tu. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mwigulu naye kaja. Akakwangua chokaa kwa ufunguo wa pikipiki, akalowesha kidole mate, akasugua, akachungulia. Kaniuliza jiwe limetoka wapi. Nikasema enzi za mababu. Akaondoka anapiga mluzi. Wivu ule!

Jumamosi, 13 Julai

Kaja.

Kashuka kwenye basi akashtuka kuniona. Furaha hiyo. Akasema, "Habari za siku, Baba Eufrasia." Angeweza kuniita jina kama mgambo. Kaniita Baba Eufrasia! Shikamoo nilizowapa kina mama wakubwa zilinitoka kwa kigugumizi.

Stesheni wakaitazama. Uwanja wakachungulia kwa kitundu. Nikawafikisha kwenye jiwe, nikaeleza jinsi mtemi alivyoketi hapo akiamua kesi. Wakavua viatu. Vumilia akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa pale alipokuwa akinolea kisu. Nikajua nimekwisha.

Hakunisema. Akavuka kamba, akalikalia, akamalizia hadithi yeye. Eti mtemi huyo alikuwa na mke. Alimwahidi nyumba ya bati, akamletea jiwe. Mke akalikalia akingoja, mtemi kila siku ana mpango mpya. Mwisho mke akachoka, akaondoka.

Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Na mtemi hakumfuata?"

Vumilia akafuta chokaa kwenye kitenge. "Mtemi alikuwa na shughuli nyingi."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Halafu nikaenda kujisaidia, ingawa sikuwa na haja.

Jumapili, 14 Julai

Wameimba. Nilikaa nyuma, nikaisikia sauti yake peke yake kati ya zote.

Kabla ya kupanda basi aliniita pembeni. Akasema shule zikifungwa Desemba atamleta Eufrasia. "Lirudishe jiwe mlangoni. Nikilikuta, nitakaa. Nisipolikuta, nitasalimia nimesimama."

Nilikimbilia nyuma ya stesheni na toroli. Kibao kipo. Kamba ipo. Jiwe hakuna!

Jumatatu, 15 Julai

Mwigulu kaja na gunia la vumbi. Kasema aliona linamemeta, akalipeleka Mwakitolyo, wakalisaga kwenye karasha. Hakuna dhahabu hata ya kujaza jino la panya. Akaniomba msamaha, eti shimo lilikuwa letu sote, alidhani nusu ni yake. Nilitaka kumpiga. Alikuwa analia. Nikampa chai, tukanywa wote tumesimama.

Ila nimeshapata mpango! Kesho tunakwenda Mwakitolyo kutafuta jiwe jingine la ukubwa ule. Mkwaruzo wa kisu nitauchonga mwenyewe kwa msumeno. Hata Vumilia hatalijua.

Na ile simu ya Jumanne, Vumilia hakunipigia mimi. Nilimsikia dada yake akisimulia gengeni, tena hakuwa anaongea na mimi. Bahati sina.