Vifaa vya Kumfundisha Bobi

Jumatatu, 18 Juni 1990
Jambo hili sijamwambia mtu: naona haya kupaza sauti, hata kumwita mbwa wangu. Bobi akitoroka, humfuata kimya kama mwizi. Leo ameingia tena jikoni kwa jirani, Mama Kaliza. Baba amesema basi. Kama Jumapili mbwa haitiki akiitwa, Baba Mdogo Bizimana atamchukua Gahanga akalinde mtama. Nimeazima kitabu maktaba ya shule. Kinasisitiza vifaa. Nimefarijika. Kifaa hakioni haya.

Jumatano, 20 Juni
Filimbi. Nimeipuliza alfajiri nyuma ya nyumba. Bobi hakutikisa sikio. Majirani walitoka na majembe, wakidhani umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, umehamishwa kutoka Jumamosi. Nyumbakumi akauliza nani ameamrisha. Mama Kaliza alikuwa ameshazibua nusu ya mtaro. Mdogo wangu Spès sasa ananiita Mheshimiwa Burugumesitiri, kama vile mimi ndiye meya. Baba ameichukua filimbi.

Ijumaa, 22 Juni
Kengele. Mzee Nkusi, aliyekuwa mwindaji, ameniazima ile ya mbwa wake. Bobi akiivaa, nitajua alipo bila kuita. Niliona ni werevu mtupu. Nilisahau kwamba kwetu mbwa huvalishwa kengele siku ya kuwinda. Vijana wa mtaa waliisikia, wakachukua fimbo, wakamkimbiza Bobi kwa vifijo mpaka bondeni. Alirudi jioni na jogoo wa Mama Kaliza mdomoni. Mzee Nkusi alisema amemkamata vizuri.

Jumapili, 24 Juni
Baba Mdogo alifika baada ya misa, na baiskeli. Baba alinihurumia. Akasema nimwite mara moja tu, akija, atabaki. Bobi alikuwa langoni, ananitazama. Watu waliotoka kanisani wakasimama kuangalia. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Spès akaninong'oneza: sema tu Bobi, kaka, hata polepole. Baba Mdogo akachoka kungoja, akaita yeye. Bobi akamwendea mkia juu. Hakuna aliyenicheka. Heri wangecheka.
Baba Mdogo na Bobi wameteremka kilima, kamba imefungwa kwenye baiskeli. Mama ameosha bakuli la Bobi.

Jumatatu, 25 Juni
Nimefikiri sana na nimegundua kosa: vifaa vilikuwa duni. Baada ya shule nilikwenda sokoni, nikanunua mnyororo wa chuma na mkanda wa ngozi wa shingoni. Muuzaji aliuliza mbwa wangu ana kimo gani. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa gotini. Kisha nikauleta mnyororo nyumbani, nikaupaka mafuta usishike kutu.