Ishirini ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi na vumbi. Intaneti inasuasua tena. Kila alasiri saa kumi mke wangu, Sethunya, huzungumza kwa video na dada yake Gaone, aliyelazwa Johannesburg. Ana uvimbe kooni. Ijumaa jioni wanampasua. Daktari kasema atapona, ila sauti haitarudi. Leo picha iliganda Gaone akiwa kaachama. Sethunya akaomba tuite fundi. Nikamwambia fundi wa nini na mimi nipo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenunua ruta ya pili, mtumba. Nimeiweka chumbani na kuiunganisha na ya sebuleni kwa waya chini ya zulia. Alama za waifai zimejaa. Hakuna kinachofunguka. Nimemwambia Sethunya inajizoeza. Saa kumi alikwenda kuongea na dada yake kwa jirani, Rra, yaani Bwana, Mosweu. Amerudi na macho mekundu.

Jumatano, 6 Agosti
Mosweu ni mstaafu wa kampuni ya simu. Miaka thelathini juu ya nguzo, na bado anatutazama kutoka kule. Leo kaniita uani.
“Rra Baboloki, ruta zako zote mbili zinagawa anwani. Vyombo viwili vikipewa namba moja, vinaangushana. Ibadilishe namba ile ya pili, halafu uizuie isigawe. Dakika tano tu. Nije?”
Nikasema nilikuwa nafikiria hivyo hivyo, na nina kazi nyingi.

Alhamisi, 7 Agosti
Ruta ya pili nimeibadilisha namba na kuizuia isigawe. Halafu nikaizuia na ya kwanza, maana sipendi mashine inipangie. Anwani nimegawa mwenyewe, kwenye daftari, chombo kwa chombo. Simu yangu 192.168.1.10, kwa kifupi kumi. Inapendeza. Saa kumi video ilikuwa safi kabisa. Gaone alicheka, tukamsikia. Sethunya akaniwekea seswaa, nyama ya kupondwa, mara mbili. Nimemwambia kesho asiende kwa Mosweu.

Ijumaa, 8 Agosti
Sethunya alikaa chumbani na simu, mlango kaurudisha. Mimi sebuleni, nisiwasumbue. Nikawasha televisheni nitazame mpira kwenye intaneti, sauti chini kabisa. Mara nikamsikia akiita, “Gaone? Gaone, unanisikia?” Nikaruka. Nikazima ruta zote, nikawasha, nikabadilisha waya. Dakika ishirini. Simu iliposhika, alipokea muuguzi. Gaone ameshaingizwa chumba cha upasuaji.
Sethunya alikaa pale pale kitandani.
“Alikuwa ananiimbia,” akasema. “Ule wimbo wa Mama. Alikuwa hajaumaliza.”
Nikamwambia tatizo ni chaneli ya waifai.

Jumamosi, 9 Agosti
Gaone kaamka salama. Hatoi sauti. Sethunya amekwenda Johannesburg, hakusema atarudi lini. Mosweu alikuja kumpeleka kituo cha basi, na wakati anamsubiri akalishika daftari langu mezani.
“Televisheni ishirini,” akasoma. “Simu ya Mma Sethunya ishirini. Rra, hizi ni namba moja.”
Nikamwambia moja ni ishirini ya sebuleni, nyingine ni ya chumbani. Akalifunga daftari taratibu, akabeba sanduku la Sethunya. Mtu mwenye wivu hujulikana.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba kimya. Nimekula uji wa mtama baridi. Lakini intaneti! Televisheni tangu asubuhi haijakwama hata mara moja. Ina maana daftari langu lilikuwa sahihi, ilihitaji muda tu kutulia. Nimempigia Sethunya kumpa habari hiyo. Hakupokea. Mara tatu hakupokea. Nadhani waifai ya hospitali ni mbovu.
Basi la Johannesburg la Jumatano lina nafasi. Ruta ya chumbani nimeshaifunga kwenye blanketi. Nitawapangia anwani wodi nzima.