Malalamiko Kuhusu Shati Langu na Panya Wako

Kwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Utafiti wa Ubongo na Tabia,
Jengo la Nyuma, Ghorofa ya Pili.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUHUSU: KUVUNJIWA HESHIMA NA PANYA WALIOBADILISHWA JENI, PAMOJA NA OMBI LA MKE WANGU KUTOHAMISHWA

Pokea salamu zangu. Ningependa kukujulia hali kwa urefu, lakini nikianza na hali yako nitapoa, na hasira hii nimeitunza tangu asubuhi ili iifikie ofisi yako ikiwa nzima.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko mkabala na kituo cha basi, kati ya muuza vitabu vya shule na fundi viatu tunayemwita Kisigino. Mke wangu unamfahamu kuliko ninavyopenda: ni yule mtafiti wako mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Uzi ule niliufunga mimi.

Usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua lolote. Kazi yenu naielewa, kwa sababu mke wangu alinifundisha kwa lugha ya kwangu. Homoni, alisema, ni kifungo, na kipokezi kilichoko kwenye ubongo ni tundu la kifungo. Kifungo kikiingia tunduni, panya anaogopa, au anapenda, au anamlamba mwanawe. Ninyi mnabadilisha jeni za panya kabla hajazaliwa, anakuja duniani bila tundu fulani, kisha mnakaa mnamwangalia ataishije na vifungo visivyo na pa kuingia. Nilifurahi sana kusikia kwamba sayansi kumbe ni ushonaji. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu zifuatazo.

1. Manukato. Panya wako hawataki harufu. Mke wangu haruhusiwi kujipaka chochote kinachonukia, na kwa kuwa tunalala kitanda kimoja, marufuku hiyo imenishukia na mimi. Sabuni yetu hainukii, mafuta yetu hayanukii, nguo zinafuliwa kwa kitu kisichotoa hata povu. Mheshimiwa, kazi yangu ni kuwazungushia watu futi kamba. Nampima mteja kifua, kwapa na shingo huku jasho la pasi likinitiririka. Wiki iliyopita mama wa bibi harusi alikataa kuingia kibandani. Alisimama nje akanitajia kiuno cha mwanawe kwa kukisia. Gauni limembana binti wa watu na lawama nimebeba mimi.

2. Shati. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Siku moja mke wangu aliniomba shati nililolivaa kutwa, lisifuliwe, alipeleke kazini. Sikumuuliza la nini. Mwanamume akiombwa shati lake na mkewe haulizi. Nilijua amezidiwa na mapenzi, anataka kitu cha kunusa mchana. Nikampa lile la mistari ya buluu, ambalo kola yake niliishona kwa mkono. Nilimsimulia Kisigino, na kwa kuwa Kisigino hana breki mdomoni, kufikia jioni kituo kizima cha basi kilijua ninavyopendwa.

Ndipo mkatualika, sisi familia za wafanyakazi, tuje kuiona taasisi. Tukavishwa makoti na mifuko ya viatu, tukaingizwa kwenye chumba chenye taa nyekundu, maana panya hufanya shughuli zao gizani na mwanga huo hauwasumbui. Ndani ya kizimba kikubwa cha kioo, upande mmoja, limetandazwa shati langu. Panya wa kawaida waliokuwa humo waliacha chakula, wakajirundika kwenye kona ya mbali, wakatetemeka. Binti aliyekuwa akitoa maelezo akawaambia wageni kwamba harufu ya dume la binadamu huwatia panya hofu, na kwamba kati ya mashati yote yaliyojaribiwa, hili ndilo lililofanya kazi vizuri zaidi. Wageni wakapiga makofi. Mama mkwe wangu, niliyemleta mwenyewe, alipiga makofi kuliko wote.

Sitakuficha, nilijisikia fahari. Nyumbani kwangu haniogopi mtu. Hata kuku wa jirani huingia sebuleni nikiwa nimekaa. Kuona viumbe hai wakitetemeka kwa ajili ya shati langu tu, mimi mwenyewe sijafungua mdomo, kulinipa raha ambayo sikuwahi kuipata. Lakini mkaleta kizimba cha pili. Hao walikuwa wamezaliwa bila tundu la homoni ya woga. Mmoja wao alilisogelea shati, akalinusa kwa utulivu, akaingia kwenye mkono wa kushoto, akakojoa, akajikunja akalala. Nilimgeukia mke wangu nikitegemea atakasirika kwa niaba yangu. Alikuwa anaandika huku anatabasamu, tabasamu lile la siku ya harusi yetu. Nadai panya huyo arudishiwe kipokezi chake, kisha aletwe tena mbele ya shati nikiwapo.

3. Ugomvi. Zamani mimi na mke wangu tulikuwa tunagombana vizuri. Sasa nikipandisha sauti ananitazama kwa upole, ananiuliza nimelalaje na nimekula saa ngapi. Anasema si mimi ninayesema, ni homoni. Mheshimiwa, nilikuwa na hoja! Ilihusu pazia na ilikuwa hoja nzuri. Mama mkwe naye keshaokota msamiati. Juzi, mbele ya wageni, kwa sauti ile ile laini anayoniitia "mkwe wangu baba," aliuliza kama vipokezi vyangu vimewahi kuangaliwa na mtaalamu, maana marehemu baba mkwe alikuwa mtulivu mno. Mkwe hamjibu mkwewe. Nilisema asante mama, nikatoka nje kuangalia kama mvua inakuja.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu karanga zilizotoweka kabatini, ambazo niliamini zinapelekwa kwa panya. Imebainika nilizila mwenyewe.

5. Panya anayesahau. Wapo panya wako walioondolewa kipokezi kingine, kile cha kumtambua mwenzao. Dume wa aina hiyo pua yake ni nzima, macho mazima, njia ya kwenda kwenye chakula anaikumbuka. Lakini mtoe jike aliyekuwa naye, mrudishe baada ya muda mfupi, atamnusa upya kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mtoe tena, mrudishe tena, atamnusa vile vile. Mke wangu alinisimulia haya mezani huku akicheka mpaka chakula kikampalia. Mimi sikucheka. Siku hiyo nilikuwa nimeshasikia kutoka kwa Kisigino, anayemtengenezea viatu dereva wenu, kwamba mnataka kumpeleka mke wangu na panya wake kwenye taasisi kubwa ya mji mwingine, akawe mkuu wa kitengo kwa miaka mitatu.

Yeye hakuniambia, nami sikumuuliza. Badala yake nilifanya utafiti wangu: nilinyoa masharubu. Masharubu hayo niliyafuga tangu kabla ya ndoa, yamo katika picha zote za ukutani. Nilikaa mbele yake chakula kizima, nikigeuza uso upande huu na ule ili mwanga uniangukie. Aliniomba chumvi. Kesho yake alinitazama sana, akaniuliza kama nimebadilisha miwani. Mimi sivai miwani. Kama hali ni hii tukiwa meza moja, miaka mitatu itakuwaje? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nashuhudia kwamba hata ya karibu siku hizi haionekani.

Kutokana na hayo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo.

Kwanza, shati langu lipumzishwe na litumike lako. Wewe ni mkurugenzi, watu wazima wenye digrii wanakuogopa, panya watashindwaje?

Pili, panya wahamishwe peke yao. Wamezaliwa taasisini, wamefanya majaribio yote, kazi wanaijua. Hawana haja ya kusindikizwa na mke wa mtu.

Tatu, ombi la pili likishindikana, mniondolee mimi kipokezi, kile kinachomfanya mtu atazame mlango kila ikifika jioni. Naelewa kwamba jeni hubadilishwa kabla ya kuzaliwa na kwamba nimechelewa kidogo, lakini fundi hodari hashindwi kurekebisha suti iliyokwisha kuvaliwa. Niko tayari kutia sahihi popote mtakaponionyesha.

Nne. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba kamati yenu ya maadili hairuhusu panya kuwekwa peke yake kizimbani. Panya mpweke, alisema, hujinyonyoa manyoya, hali vizuri, analala ovyo, na lolote mtakalompima halitaaminika. Kwa hiyo kila panya ana mwenzake, na anayetaka kuwatenganisha lazima aeleze sababu mbele ya kamati, na kamati ina haki ya kumkatalia. Mheshimiwa, nyumba yangu ina vyumba viwili. Watoto hatukujaliwa. Mama mkwe anakuja na kuondoka, zaidi anakuja. Naomba kamati hiyo iketi kwa ajili yangu, inihesabu kama panya, na iamue kwa kufuata sheria yake yenyewe. Sitaki upendeleo. Nitamkosa mke wangu sana, na sijui namna nyingine ya kuliandika hili katika barua ya ofisi.

Nikingoja utekelezaji wako, naomba unisalimie mlinzi wa getini, yule binti wa maelezo ambaye najua hana kosa, wahudumu wanaobadilisha maranda vizimbani, na dereva, ambaye viatu vyake viko tayari. Panya wa kizimba cha kwanza wape salamu zangu za heshima. Wa kizimba cha pili waambie nimewaona.

Ni mimi,
Fundi wa mkabala na kituo cha basi,
mume halali wa mtafiti wako.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii nilimkabidhi mke wangu akuletee, kwa kuwa ndiye anayeijua ofisi yako, nikamwonya asiifungue. Aliifungua hapo hapo kibandani kabla sijamaliza kumwonya. Aliisoma mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya suruali ya mtu. Kisha akaniambia kwamba uhamisho ule alishaukataa mwezi uliopita. Alikwambia mumewe ana kibanda na wateja wake, na kwamba hawezi kumwacha. Wewe ulilijua hilo muda wote huu ambao mimi nilikuwa nanyoa masharubu.

Nilimuuliza kama kazi ile aliitaka. Alisema si sana. Mke wangu hajui kudanganya, alilisema huku akifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Nikamuuliza mbona hakuniomba twende wote. Akaniuliza mbona sikusema kwamba ningekwenda. Tulibaki tunatazamana, na Kisigino, aliyekuwa akisikiliza kila kitu kupitia ukuta wa mbao, akauliza kwa sauti kama kuna mtu atajibu.

Basi naomba uichane barua hii yote kuanzia salamu. Malalamiko nimeyafuta, maombi nimeyafuta, kamati isisumbuliwe. Kukataa kwake usikupokee. Kama nafasi ile umeshampa mtu mwingine, mnyang'anye, mwambie kuna mume alichelewa kusema. Nijulishe jambo moja tu, ili nianze kufunga mizigo: huko mnakotupeleka, watu wanavaa nguo? Maana cherehani yangu inabebeka.