Malalamiko Kuhusu Mgongo wa Norman

Kwa Bwana Hallam, Meneja wa Zahanati,

Salamu, na poleni na kazi. Mimi ni Doreen Hepworth, mke wa Norman, yule wa mgongo. Naandika kwa heshima zote kumshtaki mtaalamu wenu wa tiba ya viungo, Bi. Ruth Ogden, kwa kumwinua mume wangu kwenye kochi alilolilalia miaka minne, bila ridhaa yangu.

Kwanza: tuliomba daktari. Kwa miaka minne daktari alituhudumia vizuri mno: dakika tano, vidonge, kwaherini. Safari hii dada wa mapokezi akasema, "Migongo siku hizi anaanza nayo Ruth, mpenzi. Kabobea huyo."

Pili: Bi. Ruth alikaa nasi nusu saa nzima. Alimuuliza Norman kama mkojo unatoka vizuri, kama amepungua uzito, kama ana ganzi mahali ambapo mimi, mkewe, huwa sipataji. Akamgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwa visigino, akamlaza na kumwinua mguu mmoja mmoja. Kisha akamuuliza, "Bwana Hepworth, ukiinama, unaogopa kutatokea nini?"

Norman akasema, "Utakatika. Kama wa baba."

Baba yake aliangukiwa na mwamba katika mgodi wa makaa ya mawe, akaishi miaka tisa kitandani, na Norman ndiye aliyekuwa akimgeuza. La ajali nalijua. La woga sikulijua. Bwana Hallam, nimeolewa miaka arobaini na minne. Nimemfunga mtu huyu kamba za viatu. Sikuambiwa mimi, kaambiwa mgeni mwenye kinyundo! Naomba jambo hili lichunguzwe.

"Mgongo wako una nguvu kuliko unavyodhani," Bi. Ruth akamwambia. "Utauma, lakini hautakatika. Hebu niokotee kalamu ile."

Akaiokota. Akalia. Nami nikajifanya natafuta miwani.

Tatu, hasara. Zamani kochi lilikuwa na mtu na jiko lilikuwa langu. Sasa Norman kapanga makopo yangu yote kwa alfabeti, na ananiuliza, "Doreen, hii tangawizi ya unga ni ya mwaka gani?" Anapanda kilima kila asubuhi akisalimia wajane. Marjorie wa nyumba ya sita kamwambia, "Norman, umekuwa kijana!" naye akacheka mpaka akasikika mtaa wa pili. Isitoshe, majirani walikuwa wakiniletea keki za pole; zimekoma. Nilikuwa "maskini Doreen", cheo nilichokitolea jasho. Leo mimi ni mke tu wa mzee mwenye afya.

Nne, madai yangu: ama Bi. Ruth akatazwe kuwauliza watu wanaogopa nini, ama sisi wake tufundishwe swali hilo siku ya harusi.

Nisalimie dada wa mapokezi, wauguzi wote, na daktari wa dakika tano.

Kwa masikitiko na adabu,
Doreen Hepworth (Bi.)

Tanbihi: Nyonga yangu ya kushoto inauma tangu Jumapili. Mmenipa nafasi kwa daktari kesho. Tafadhali ifuteni, nitamngoja Bi. Ruth hata wiki tatu. Agosti Norman anataka tutembee njia ya majabalini kando ya bahari, siku nne. Amesema atanisubiri kila kona. Mimi sitaki kusubiriwa. Nataka kwenda naye bega kwa bega.